Kuimba Wimbo Usiosikiwa Bado: Historia ya Masomo ya Waimbaji wa Kawaida

Katika parokia zetu za Kongo, watu wanaoimba Misa ya Dominika si mafundi wa muziki. Huyu ni mwalimu wa shule, yule ni mama anayeuza sokoni, mwingine ni kijana wa chuo au mfanyakazi wa reli. Hawalipwi kitu, na wengi wao hawakupata kufundishwa nota hata siku moja. Wanakutana jioni mara mbili au tatu kwa juma, wanajifunza kwa sikio, na Dominika wanaimba kwa sauti nne, hata mgeni anashangaa. Lakini siku maestro wao anapohama, mara nyingi nyimbo zake zinahama naye. Wanaobaki wanakumbuka kipande na kusahau kipande, na wimbo mpya hawawezi kuuanza mpaka apatikane mtu mwingine wa kuwaimbia.

Taabu hiyo si ya leo, wala si ya Kongo tu. Kanisa zima lilikuwa nayo kwa miaka mamia, na waimbaji wa monasteri kubwa za Ulaya waliteseka nayo kuliko sisi. Tunataka kueleza hapa namna gani waliipatia dawa, ni nani aliyeivumbua, namna gani dawa hiyo ilivyofika katika nchi zetu, na ni kitu gani inatudai sisi tunaojitayarisha kuongoza sala ya watu.

I. Zamani za kukariri

Katika karne za kwanza hapakuwa na namna yoyote ya kuandika sauti ya wimbo katika Kanisa la Magharibi. Mtakatifu Isidoro, Askofu wa Sevilla, aliyekufa mwaka 636, aliandika kwamba sauti zisiposhikwa katika kumbukumbu za mtu hupotea, kwa sababu haziwezi kuandikwa. Maneno ya Zaburi na ya antifona yaliandikwa vitabuni, lakini namna ya kuyaimba ilikaa katika vichwa vya wazee.

Basi, fikiri kazi iliyompata mtoto aliyeingia monasterini. Kulikuwa na Misa za mwaka mzima, sikukuu za watakatifu, masifu ya usiku na ya mchana. Nyimbo nyingi, na zote za kushika kwa moyo. Notker, mmonaki wa Mtakatifu Gallo katika nchi inayoitwa leo Uswisi, alisimulia karibu na mwaka 884 kwamba alipokuwa kijana sauti ndefu za Alleluia zilikuwa zikimponyoka. Siku moja padri mmoja alifika huko akiikimbia monasteri yake ya Jumièges iliyoharibiwa na Wanormani, naye alikuwa na kitabu ambamo maneno yalitiwa chini ya sauti zile ndefu. Notker akaona njia: kama kila sauti inapewa silabi yake, kumbukumbu inapata mahali pa kushika. Tukiangalie sana kitu hiki, kwa kuwa tutakikuta tena mbele.

Mfalme Karolo Mkuu alitaka dola yake yote iimbe namna ya Roma. Mwaka 789 aliagiza shule za watoto, na kati ya masomo yao akataja Zaburi na kuimba. Lakini amri ya mfalme haikutosha kuzilinganisha sauti. Tangu karne ya 9 waandishi walianza kutia alama ndogo juu ya maneno, ambazo huitwa neuma. Alama hizo zilionyesha kwamba sauti inapanda au inashuka, lakini hazikuonyesha inapanda hatua ngapi. Aliyeujua wimbo tayari alikumbushwa nazo. Asiyeujua alibaki pale pale. Zilikuwa kama mtu anayekuambia kwamba kijiji kipo juu ya mlima, bila kusema ni mwendo wa saa moja au wa siku mbili.

II. Guido

Guido alizaliwa mwishoni mwa karne ya 10. Alikuwa mmonaki wa Pomposa, monasteri ya Wabenediktini karibu na pahali mto Po unapoingia katika bahari ya Adriatiki. Kule alianza kufundisha watoto kuimba kwa njia mpya, na njia yake ikaleta matunda upesi. Lakini wenzake hawakufurahi. Wivu ukaingia, hata akaona afadhali kuondoka. Karibu na mwaka 1025 akafika Arezzo, na Askofu Teodaldo akampokea na kumkabidhi waimbaji wa kanisa lake kubwa. Huko ndipo alipoandika kitabu chake kinachoitwa Micrologus, akamtolea Askofu huyo.

Guido hakuwa mtu wa maneno laini. Alilalamika wazi kwamba, kati ya watu wote, waimbaji ndio wanaopoteza wakati kupita kiasi. Wanaweza kuimba kila siku miaka mia, alisema, na wasiweze kujifunza peke yao hata antifona moja fupi bila mwalimu. Na wakati huo wangeweza kujifunza Maandiko matakatifu yote. Tena, kila mwalimu alikuwa na antifona zake. Mwanafunzi hakupatana na mwalimu, wala mwanafunzi na mwenzake, na kitabu kilichopasa kuwa cha Gregorio Mtakatifu kilikuwa kwa kweli cha fulani na fulani.

Tusifikiri kwamba Guido alidharau waimbaji. Alihuzunika kwa ajili yao, kwa sababu aliona watu wenye mapenzi na wenye sauti nzuri wakibaki watoto maisha yao yote, wakimngoja mtu wa kuwaimbia kwanza.

Alifanya mambo mawili. Jambo la kwanza ni la macho. Alipiga mistari, akatia alama juu ya mistari na katikati ya mistari, hata kila sauti ikapata pahali pake pasipobadilika. Mstari wa fa akaupaka rangi nyekundu, na mstari wa do rangi ya manjano, kusudi jicho litambue mara moja nusu-hatua iko wapi. Mistari hiyo ndiyo mama wa mistari minne ya nota za mraba katika vitabu vya Misa ya Kilatini, na wa mistari mitano ya muziki wa leo.

Jambo la pili ni la sikio. Ni kubwa kuliko la kwanza, tena ndilo linalosahauliwa.

III. Uzi mmoja na sauti sita

Wakati ule walimu walitumia chombo kinachoitwa monokordi. Ni sanduku lenye uzi mmoja uliovutwa. Juu ya sanduku wameandika herufi, na ukibana uzi penye herufi unapata sauti yake. Mwanafunzi alitafuta sauti ya kila nota katika uzi, akaisikiliza, akaifuata kwa kinywa. Chombo kilikuwa kama mwalimu asiyechoka.

Guido aliusifu uzi huo kwa wanaoanza. Lakini katika barua aliyomwandikia rafiki yake Mikaeli, mmonaki wa Pomposa, karibu na mwaka 1030, alieleza kwamba njia hiyo ni ya kitoto, na ni mbaya kwa wanaotaka kuendelea. Aliwaona watu wenye akili nyingi, waliotafuta walimu wa mataifa mbalimbali, wakaishika njia hiyo tu. Nao hawakuweza kuwa hata waimbaji wa kawaida, wala kuwafikia watoto wake. Anayetafuta daima sauti ya mtu au ya chombo ili apate kujua wimbo, alisema, ni kama kipofu asiyeweza kwenda bila mtu wa kumshika mkono. Mwimbaji anapaswa kuziweka ndani yake mwenyewe tabia za kila sauti na umbali wa sauti na sauti.

Lakini ataziwekaje? Hapa ndipo akili ya Guido inapoonekana. Hakuwapa watoto hesabu. Aliwapa wimbo mmoja. Ulikuwa wimbo wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni, unaomwomba mtakatifu afungue midomo ya waimbaji. Ndani ya wimbo huo kila kipande cha ubeti wa kwanza kinaanza kwa sauti iliyo hatua moja juu ya ile iliyoanzisha kipande kilichotangulia. Silabi za mwanzo wa vipande hivyo ni ut, re, mi, fa, sol, la. Mtoto akiujua wimbo huo kabisa, hata aweze kuanza kipande chochote bila kuanzia mwanzoni, amepata sauti sita ndani ya kichwa chake. Akikuta nota asiyoijua katika kitabu, anajiuliza: hii inafanana na mwanzo wa kipande gani? Kipande kinamjibu, na anaimba.

Msomaji atambue uhusiano na Notker. Yule alipata kushika sauti kwa silabi. Guido naye anafunga sauti kwa silabi, lakini silabi zake zinatumika kwa nyimbo zote. Notker alipata msaada wa kukumbuka nyimbo alizosikia. Guido alipata msaada wa kuimba nyimbo ambazo hajazisikia. Hapo ndipo mwimbaji alipoanza kutoka katika utumwa wa kukariri.

Guido alishuhudia kwamba alipoanza kuwafundisha watoto hivyo, wengine waliweza kuimba wimbo wasioujua kabla ya siku tatu kutimia. Na kwa njia nyingine majuma mengi hayakutosha. Kwa jumla, wale ambao zamani walitumia miaka kumi kupata elimu isiyo kamili, sasa aliwafanya waimbaji kwa mwaka mmoja, au miwili ikizidi.

Sifa za Guido zilifika Roma, na Papa Yohane XIX, aliyetawala tangu mwaka 1024, akatuma wajumbe kumwita. Guido akaenda, pamoja na abati mmoja na mkubwa wa makanoni wa Arezzo. Baba Mtakatifu akakishika kitabu cha antifona, akakipindua ukurasa kwa ukurasa kama kitu cha ajabu, akauliza maswali juu ya kanuni zake, wala hakuondoka mahali pake mpaka amejifunza kipande kimoja ambacho hakupata kukisikia. Akasadiki katika nafsi yake yale ambayo alikuwa hayaamini sana kwa wengine. Joto na unyevu wa Roma vilimletea Guido ugonjwa, akaondoka. Lakini alipita kwa abati wa Pomposa, naye alipokiona kitabu akajuta kwa yale yaliyopita na kukubali kwamba Guido alikuwa na haki.

Papa huyo hakuwa fundi wa muziki. Alikuwa, kwa habari ya kuimba, kama mmoja wa wanakorale wetu. Na kwa hiyo ushuhuda wake una thamani.

IV. Mwalimu wa kike na mchungaji asiyejua kuimba

Njia ya Guido ilienea Ulaya nzima. Baadaye waliongeza silabi ya saba, si, na katika nchi nyingi ut ikageuzwa kuwa do. Lakini pamoja na miaka muziki ulizidi kuwa mgumu. Mistari ikaongezeka, alama za kupandisha na za kushusha nusu-hatua zikawa nyingi, na watu wa kawaida wakaachwa nyuma. Walioweza kusoma nota ni waliolipia mwalimu. Wengine wakarudia kukariri, kama wale wa zamani za Isidoro.

Katika karne ya 19 watu kadhaa walijaribu tena. Katika Ufaransa, Galin, na baada yake Paris na Chevé, walifundisha umati wa wafanyakazi kwa tarakimu 1 mpaka 7, wakifuata fikira ambayo Jean-Jacques Rousseau aliileta mbele ya wataalamu wa Paris mwaka 1742. Katika Uingereza, mwanamke mmoja wa mji wa Norwich, Sarah Glover, binti wa mchungaji wa Anglikana, alifundisha watoto kwa ngazi iliyoandikwa silabi za Guido. Aliandika herufi ya kwanza tu ya kila silabi. Na kwa kuwa sol na si zinaanza kwa herufi moja, akaigeuza si kuwa te. Tena, do yake haikufungwa katika sauti moja: ilikuwa sauti ya nyumbani ya wimbo wowote, juu au chini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1835, na shabaha yake ilikuwa Zaburi ziimbwe na watu wote kanisani, si na wachache.

John Curwen, aliyezaliwa mwaka 1816, alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Yeye mwenyewe hakujua kusoma nota. Alijaribu masomo ya kawaida bila kufanikiwa. Kitabu cha Glover kilipomfikia, alijifunza peke yake, na baada ya majuma mawili hivi aliweza kuupata wimbo wa Zaburi bila msaada. Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa watoto huko Hull, wakamwagiza atafute njia nyepesi kuliko zote za kufundisha kuimba. Akaichukua njia ya Glover, akaibadili kadiri ya maoni yake, akaitumikia mpaka alipokufa mwaka 1880. Ndiyo inayoitwa Tonic Sol-fa, ya herufi d, r, m, f, s, l, t.

Kanuni ya Curwen ilikuwa hii: kitu kwanza, alama baadaye. Mwalimu asimwonyeshe mtoto alama ya mi kabla mtoto hajaisikia mi, hajaiimba, hajaitambua kati ya do na sol. Ndiyo maneno ya Guido katika lugha nyingine. Na karne ya 20 mwanamuziki Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyekufa mwaka 1967, alichukua silabi hizo na ishara za mkono za Curwen akazitia katika masomo ya watoto wa nchi yake, pamoja na nyimbo za asili za vijiji vyao.

Wamisionari wa Kiprotestanti waliichukua sol-fa mpaka Afrika ya Kusini na Madagaska. Haikudai piano, wala karatasi ya mistari; ubao na chokaa vilitosha. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni karibu na Johannesburg, aliandika kwa herufi hizo mwaka 1897 wimbo Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao sauti yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania hata leo. Sontonga alikuwa mwalimu aliyeongoza watoto kuimba. Kama asingejua kuandika alichokisikia ndani yake, wimbo huo ungekufa pamoja naye mwaka 1905.

V. Kamina na Élisabethville

Sasa tuingie kwetu. Katika misioni za kikatoliki za Kongo, vitabu vya Misa vilileta nota za mraba juu ya mistari minne, kadiri ya matengenezo ya Papa Pio X aliyeandika juu ya muziki mtakatifu tarehe 22 Novemba 1903. Kwa hiyo mseminari wa Kongo aliyefungua Graduale alikuwa anaifungua kazi ya Guido. Lakini nje ya ukuta wa seminari kulikuwa na elimu nyingine ya muziki, isiyoandikwa, yenye kanuni zake. Mpiga ngoma mzuri hakufundishwa kwa kitabu, lakini hawezi kukosa pigo lake. Na waimbaji wa kijiji wanaitikia kwa sauti mbili au tatu bila mtu kuwagawia.

Katika miaka ya 1950, Padri Guido Haazen, Mfransiskani kutoka Ubelgiji, aliikuta elimu hiyo Kamina. Akaunda kundi la watoto arobaini na zaidi pamoja na walimu wao, likaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Wakatafuta pamoja namna ya kuimba maneno ya Kilatini ya Misa kwa sauti za watu wa Katanga na wa Kasai. Kyrie ilifuata mtindo wa kasala, Agnus Dei ilitoka katika wimbo wa Bena Lulua. Misa Luba iliimbwa Kamina tarehe 23 Machi 1958, na mwaka ule ule kundi likasafiri Ulaya, likaimba pia katika Maonyesho makubwa ya Brussels. Joachim Ngoi ndiye aliyeimba sehemu za mtu mmoja. Sahani yake ilienea ulimwengu mzima.

Misa hiyo haikuandikwa nota kwanza. Ilizaliwa kinywani, wakifanyia mazoezi pamoja. Mambo mawili yanatokea hapa, nayo yote mawili ni ya kweli. La kwanza: watu wasiosoma nota walifanya kazi ambayo mafundi wa Ulaya waliistaajabia. Asiseme mtu kwamba asiyejua kusoma nota hajui muziki. La pili: Misa ilipoandikwa na kuchapwa baadaye, kwa ajili ya makorale ya nchi nyingine, jina lililowekwa mbele lilikuwa la padri aliyeipanga. Watoto na walimu walioizaa kwa sauti zao hawajulikani na wengi wa wale wanaoiimba Ulaya na Marekani. Hatusemi hivyo kumlaumu Padri Haazen, ambaye aliwapenda na kuwaheshimu waimbaji wake. Tunasema tu desturi ya dunia: anayeandika ndiye anayekumbukwa. Tena, karatasi haikuweza kushika yote. Mapambo ya mwimbaji wa mbele na mapigo ya ngoma yalibadilika kila mara, na kilichochapwa ni mara moja kati ya nyingi.

Siku zile zile, Joseph Kiwele alikuwa akifanya kazi Élisabethville, inayoitwa leo Lubumbashi. Kiwele alipata masomo yake seminarini, kisha akawa mwalimu na mwanamuziki. Alizijua nota za Kanisa, na alizijua nyimbo za watu wake. Aliandika Misa inayojulikana kama Misa ya Katanga, na mwaka 1960 akaandika sauti ya wimbo wa taifa la Katanga. Alikufa mwaka 1961, alipokuwa waziri wa elimu katika serikali ya Katanga. Kila mtu atahukumu siasa za siku zile apendavyo. Kwa habari ya muziki, Kiwele alikuwa na mikono miwili: mmoja wa kusikia, mwingine wa kuandika. Kazi yake ina jina lake.

Baada ya miaka michache Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulidai mambo hayo mawili pamoja. Katika Hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, fungu la 115 linaagiza kwamba muziki ufundishwe kwa bidii katika seminari. Fungu la 119 linataka muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaïre, na watu wakaimba na kucheza mbele ya altare kwa ruhusa ya Kanisa lote.

VI. Neno kwa waimbaji wa leo

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa mafundisho kadhaa kwa anayependa muziki bila kuwa fundi wake.

Kwanza, tuangalie uzi mmoja wa siku zetu. Leo maestro anaimba sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne katika telefone, anazituma, na kila mwanakorale anasikiliza yake njiani mpaka imeingia. Ni msaada mkubwa, hasa kwa wanaofanya kazi mbali. Lakini ni monokordi. Guido hakuitupa monokordi, alisema tu isiwe mwisho. Korale inayojifunza miaka kumi kwa telefone bila jambo jingine, baada ya miaka kumi itahitaji telefone bado.

Pili, mwenye kutaka kuendelea ajichagulie wimbo mmoja anaoujua kabisa, hata usingizini, autafutie silabi zake: hapa ni do, hapa ni mi, hapa inaruka mpaka sol. Asiharakishe kwenda kwa wimbo wa pili kabla ya kuweza kuanza kipande chochote cha ule wa kwanza. Kisha atashangaa kuona kwamba ruko la do mpaka sol analoliimba kila Dominika ndilo lililo katika nyimbo ishirini nyingine. Robo saa ya kila siku inapita saa tatu za siku moja kwa juma, kwa sababu sikio linashika polepole.

Tatu, aimbe kabla ya kupiga. Anayejifunza gitaa au sinteza anavutwa upesi na vidole, na vidole vinaweza kujua pahali ambapo sikio halijui kitu. Aimbe nota kwanza, kisha aipige ili kuona kama amepata. Chombo kiwe hakimu, kisiwe kiongozi.

Nne, ajifunze kuandika. Mseminari anayerudi likizo kijijini anasikia nyimbo za bibi yake, za mavuno, za kilio, za kubembeleza mtoto. Aandike moja tu kwa kila likizo, kwa herufi za sol-fa kama hajui mistari, na aandike pia jina la mtu aliyemwimbia. Ataona kwamba mapigo mengine hayakubali kukaa katika karatasi yake. Si neno. Ayaeleze kwa maneno, arudi tena, asikilize tena. Kwa kujaribu kuandika, sikio lake litafahamu mambo ambayo kwa kuimba tu halikuyatambua.

Guido aliandika kwa ajili ya watoto wa Askofu mmoja, katika mji mmoja wa Italia, ili wasipoteze miaka kumi. Wenzake wa kwanza hawakumpokea. Leo hakuna padri wala mwalimu kati yetu asemaye do, re, mi bila kutumia kazi yake. Sisi nasi tutatumwa katika parokia ambazo tutakuta korale tayari, zenye sauti nzuri na moyo mzuri, zikimngoja maestro. Tukiwapa nyimbo mpya tu, tutakapohamishwa watakuwa kama tulivyowakuta. Tukiwapa sauti sita na namna ya kuzitafuta, watafungua kitabu wenyewe, na wimbo ambao hakuna aliyeusikia bado utaimbwa katika kanisa lile tukiwa hatupo.